Kabla ya Kubeba Kamera Kwenda Bagamoyo

Mwanafunzi mmoja wa utengenezaji filamu aliniletea andiko la video ya wimbo wa bendi ya wenzake. Ni bendi ya roki: magitaa mawili, besi, dramu, na binti anayeimba kwa Kiswahili kwa sauti yenye mikwaruzo. Wimbo ni mzuri, nami nilimwambia hivyo. Shoti ya mwisho aliiandika hivi: mwimbaji amesimama ufukweni Bagamoyo, nyuma yake jua linazama baharini. Nikamuuliza kama amewahi kulala Bagamoyo. Hakuwahi. Alikwenda mara moja na shule, mchana, kwa basi.

Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki. Jua pale huchomoza kutoka baharini na kuzama nyuma ya mji, upande wa bara, kule barabara ya Msata inakoelekea. Kama angeenda na bendi nzima, kamera ya kuazima na chakula cha watu kumi na wawili, saa 12 jioni angejikuta anatazama maji yanayoingia giza huku rangi zote nzuri zikiwa mgongoni kwake. Andiko lake lilikuwa na kurasa sita, na kurasa mbili kati yake zilisimama juu ya machweo yasiyokuwepo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha palipo na tatizo. Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu wanajua kamera kuliko mimi. Wanajua lenzi, wanajua programu za kuhariri, wanajua kurekebisha rangi. Wanachokosa ni siku za kutembea na daftari. Na mwanafunzi hana mtaji mwingine. Dairekta mwenye jina mjini ana pesa lakini hana muda. Atafika asubuhi na kuondoka jioni. Wewe unaweza kufika mahali pale pale mara tano kabla ya siku ya kushuti. Hiyo nafasi usiipoteze.

Anza na wimbo wenyewe. Vaa spika za masikioni, kaa na karatasi, usikilize mara kumi bila kufikiria picha yoyote. Kisha uupime. Tuseme wimbo una mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo ni nusu sekunde, na kipimo cha mapigo manne ni sekunde mbili. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 40 una vipimo 110. Chora mstari mrefu wenye vipimo hivyo, uweke alama: sauti inaingia wapi, dramu zinanyamaza wapi, gitaa linapiga kelele wapi, kiitikio kinarudi mara ngapi. Roki ya kujitegemea hupenda kukaa kimya kisha kulipuka. Ukijua mlipuko unatokea sekunde ya ngapi, umeshajua picha yako kubwa inatakiwa ianze lini, na umeshajua pia kwamba picha kubwa mbili tu zinatosha. Ukiamua kwamba kila shoti ikae vipimo viwili, unahitaji shoti 55. Ukiamua vipimo vinne, zinapungua kufika 28. Hesabu hiyo ya dakika tano itakuokoa na andiko lenye matukio 90 ambayo hakuna siku inayoweza kuyabeba.

Baada ya hapo kaa na aliyetunga wimbo. Usimuulize anataka video ya aina gani, maana atakuelezea video aliyoiona jana. Muulize alikuwa wapi alipoandika ubeti wa kwanza, kulikuwa na harufu gani, nani alikuwa chumba cha pili. Katika majibu hayo ndimo video inamolala. Binti wa ile bendi, alipoulizwa, alisema wimbo ulimjia akiwa kwenye daladala la kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, amesimama njia nzima kuanzia Kerege. Hakukuwa na bahari yoyote kwenye wimbo wake. Bahari iliingizwa na dairekta kwa sababu video nyingi zina bahari.

Wapo watakaokuambia roki si ya kwetu, na wewe mwenyewe unaweza kuanza kuona haya ukamvisha mwimbaji makoti ya ngozi ya watu wa London. Tafuta habari za Sunburst. Ilikuwa bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970, ikichanganya gitaa la roki na midundo ya hapa, na albamu yao Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilitoa upya kazi zao, na watu wa Ulaya wakazinunua wakati vijana wetu hawajui kwamba bendi hiyo iliwahi kuwepo. Tazama picha zao za zamani: nywele, mashati, namna walivyosimama. Hizo ni rejea zako halali za mavazi kuliko bango la filamu yoyote ya Marekani.

Kisha soma video za watu waliokuwa na kidogo. Ile ya Queen ya Bohemian Rhapsody, mwaka 1975, iliyoongozwa na Bruce Gowers, ilipigwa kwa saa chache tu huko Elstree, mahali bendi ilipokuwa ikifanyia mazoezi. Na mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja. OK Go, bendi ya roki ya Marekani, mwaka 2006 walitoa Here It Goes Again: mashine nane za kukimbilia, kamera moja isiyosogea, shoti moja mwanzo hadi mwisho. Walirudia mara 17 mpaka ikakubali. Gharama kubwa pale ilikuwa mazoezi.

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko jirani. Just A Band ni vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Muziki wao si roki hasa, una mashine nyingi, lakini walijitegemea kwa kila kitu, na video walizitengeneza wenyewe. Machi 2010 walitoa Ha-He, video iliyoigizwa kama tangazo la filamu ya mapambano ya miaka ya 1970, yenye shujaa anayeitwa Makmende. Jina hilo hawakulibuni. Lilikuwa neno la watoto wa Nairobi, walilomwitia mtu anayejifanya mbabe, na inasemekana lilitokana na maneno ya Clint Eastwood yaliyosikiwa vibaya kwenye filamu. Vijana wale walichimba kumbukumbu ya utoto wa rika lao, wakaichukulia kwa uzito, wakatafuta nywele na suruali zinazolingana nayo. Wakenya walipoiona walijitambua papo hapo, wakaanza kutengeneza picha zao wenyewe za Makmende na kuzisambaza nchi nzima. Mmoja wa wanabendi, Mbithi Masya, baadaye aliongoza filamu ya Kati Kati ya mwaka 2016. Jiulize basi: watoto wa Magomeni, Dunda au Mlingotini walikuwa na neno gani? Shangazi yako analikumbuka. Kamuulize kabla hujafungua mtandao.

Kuhusu Bagamoyo yenyewe, kuna mtego. Mji umejaa historia, na mgeni huingia na minyororo kichwani. Nimeona maandiko mengi ambamo mpiga gitaa anafungwa minyororo ndani ya Ngome Kongwe au Caravan Serai, bila wimbo kuwa na neno hata moja la utumwa. Misafara ya pembe na ya watu waliotekwa ilifikia hapo kutoka bara. Njia ya misafara hiyo iko kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Mapokeo ya jina la mji yenyewe hayakubaliani: wengine husema ni mahali mpagazi alipobwaga mzigo na kupumzisha moyo, wengine husema ni mahali mateka alipouacha moyo wake kwa kuwa hatarudi. Mtu aliyesoma hayo mawili hawezi tena kutumia mnyororo kama pambo. Kama wimbo wenu unahusu utumwa kweli, fanyeni kama Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, walivyofanya katika wimbo wao kuhusu Nyayo House, jengo la serikali walimoteswa wapinzani: waliingia kwenye jambo lenyewe, na hasira yao ina anwani. Kama wimbo unahusu kuachwa na mpenzi, basi acheni kuta za ngome zipumzike.

Na mji una sura nyingine nyingi ambazo hakuna anayezishuti. Misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, na njia yake ndefu ya miembe. Mnara mdogo ambamo mwili wa mmisionari Livingstone uliwekwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, kuubeba kutoka Chitambo alikofia. Boma la Wajerumani. Karakana za wachongaji. Barabara ya India yenye milango ya nakshi. Umbali wa kilomita kama tano kusini kuna Kaole, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, mahali ambapo palikuwa bandari mpaka mikoko na tope vikaisogeza bahari. Bandari iliyoachwa na bahari! Wimbo wowote wa huzuni ungeomba kupewa picha hiyo. Lakini Kaole bado watu huenda kuomba dua, hasa kwenye kaburi la Sharifa. Hapo ni mahali pa kuvua viatu na kumwuliza mlinzi kabla ya kutoa hata simu mfukoni. Dramu usipeleke.

Sasa bahari, kwa wale ambao wimbo wao unaihitaji kweli. Maji ya pwani yetu hayasubiri ratiba ya mtu, lakini yana kanuni, na mvuvi yeyote atakufundisha kwa dakika kumi ukimwamkia vizuri. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua, pwani hii, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi. Maana yake, ule mchanga mpana wa ajabu unaouona kwenye picha, vyombo vimelala ubavu na watu wanatembea mbali kama nukta, unaupata saa 4 asubuhi, jua likiwa tayari kali. Ukiutaka mchanga huo alfajiri yenye rangi, chagua siku mbili au tatu baada ya nusu mwezi. Maji yatakuwa yamekupwa karibu saa 12. Hayataenda mbali kama ya bamvua, ila utapata nafasi ya kutosha bendi nzima kusimama. Tafuta jedwali la maji la Dar es Salaam au la Zanzibar, likupe tarehe, halafu nenda siku moja kabla ukahakikishe kwa macho.

Mwanga nao una upande. Alfajiri mwimbaji akiipa bahari mgongo atakuwa kivuli cheusi mbele ya anga jekundu, jambo zuri kwa utangulizi wa wimbo ambapo hakuna anayeimba. Akianza kuimba mgeuze aitazame bahari, jua limpige usoni. Jioni ni kinyume: akiipa bahari mgongo jua la machweo linamjia usoni kutoka upande wa mji, na nyuma yake maji yana rangi ya fedha iliyopoa. Mimi naipenda hiyo ya jioni kuliko machweo yoyote ya kadi za posta. Saa 5 hadi saa 9 mchana weka kamera chini, hasa miezi ya Machi na Oktoba jua linapopita utosini na kila jicho kuwa shimo jeusi. Muda huo ingia ndani, chini ya makuti, au mle chakula.

Upepo pia usiusahau. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba. Ukiwa na nguo inayopepea au tanga la ngalawa kwenye fremu, upepo ndio unaoamua iende upande gani. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, usipange kazi ya nje ya siku moja bila siku ya akiba.

Safari ya kwanza ya utafiti nenda bila kamera, simu inatosha. Panda daladala la Bagamoyo kituo cha Makumbusho, shuka, tembea. Safari ya pili nenda saa ile ile utakayoshuti, siku ile ile ya wiki. Soko la samaki saa 12 asubuhi na soko lile lile saa 8 mchana ni sehemu mbili tofauti kabisa: asubuhi kuna mnada, makelele, ndoo, moshi wa mafuta ya kukaangia, mchana kuna paka na watu waliolala. Andika adhana zinasikika saa ngapi na kutoka wapi, kwa sababu spika yako ya kuchezea wimbo itazimwa muda huo, na Ijumaa mchana usifungue kabisa. Mwezi wa Ramadhani upange kazi nyingine. Andika umeme uko wapi, choo kiko wapi, bajaji inafika mpaka wapi.

Watu wa pwani hawana haraka na mgeni, na wana haki hiyo. Ukifika kwa nahodha, shikamoo kwanza, hali, watoto, bahari imeamkaje. Shida yako ieleze baadaye. Mweleze wimbo unahusu nini, mchezee kwenye simu. Mzee mmoja alisikiliza roki ya vijana wangu mpaka mwisho, akasema hilo gitaa linafanana na sauti ya kamba ya tanga upepo ukiwa mkali. Tukaenda kuisikiliza kamba. Sauti yake ndiyo iliyofungua video, sekunde nane kabla ya gitaa la kwanza, na hakuna mwalimu ambaye angetufundisha hilo darasani.

Pita pia TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Hapo ndipo Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze kutoka Ugogo, alipofundisha, na hapo utakuta wacheza ngoma, waigizaji na mafundi wa jukwaa wa rika lako. Mwanafunzi mwenzako wa Bagamoyo anayejua kila kichochoro ana thamani kuliko lenzi ya kukodi. Mlipe, na jina lake liandikwe.

Vibali havina utamu, lakini visipokuwepo siku yako itakufa saa 3 asubuhi. Uliza Bodi ya Filamu kuhusu kibali cha kupiga picha, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kuhusu usajili wa msanii. Magofu na majengo ya kale yana wasimamizi wake. Pata ruhusa kwa maandishi, hata kama mlinzi amekubali kwa mdomo. Droni hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa mapema, kwa barua ya chuo yenye muhuri. Ukivuka kwenda Zanzibar taratibu ni nyingine, huko ni BASSFU, baraza la sanaa na filamu la kule. Na wimbo wenyewe: kama ni wa mtu mwingine, au mmeingiza kipande cha ngoma kilichorekodiwa na kikundi fulani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawahusu, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kila uso unaotambulika kwenye fremu uwe umekubali. Wa mtoto, akubali mzazi.

Mambo ya kifundi ni machache. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo shuti kwa fremu 25 na shata ya 1/50, la sivyo taa za dukani zitapepesa. Ukitaka mwendo wa pole huku midomo ikienda na wimbo, shuti kwa fremu 50, cheza wimbo kwa kasi mara mbili, mwimbaji aimbe kwa kasi hiyo. Ukirudisha kwenye 25 mwili utaelea na maneno yatakaa mahali pake. Hilo linataka mazoezi ya wiki nzima, lianzeni mapema. Ampu za gitaa ufukweni ziwe mbovu au tupu, kwani chumvi haina huruma na hakuna anayesikia zikilia. Lenzi zifutwe kila mara, kwa kitambaa kikavu kisichoguswa na mchanga, na usibadilishe lenzi palipo na upepo.

Siku yenyewe gawa kazi kwa mwanga. Shoti zinazohitaji alfajiri ziwe chache, tatu au nne, na kila mtu awe amelala Bagamoyo usiku wake. Usidanganyike kwamba mtatoka Tegeta saa 9 usiku na wote watafika. Kwanza pateni utendaji mzima wa bendi, wimbo mwanzo mpaka mwisho, mara tatu. Mkiupata huo, hata mvua ikinyesha mchana mna video. Chakula kipangwe kwa mamantilie wa pale pale, kilipiwe kabla. Watu wenye njaa hawaigizi.

Yule mwanafunzi wa machweo alirudi Bagamoyo mara nne. Bahari ilibaki na shoti moja, alfajiri, maji yamekupwa. Video yote iliyobaki ilipigwa ndani ya daladala la kukodi kati ya Kerege na Bunju, mwimbaji amesimama, ameshika bomba, abiria ni bendi na shangazi zao.

Ukimaliza yako, usiipakie mtandaoni kwanza. Iweke kwenye simu, panda gari, rudi ufukweni, umwonyeshe nahodha na mamantilie na mwenyekiti wa mtaa. Nahodha mmoja aliniambia wengi wameshawapiga picha pale na kuahidi kurudi, na yeye hajaona hata moja.